Ulichosema Katikati ya Wimbo wa Sita

Karanja, kaka yangu,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara tatu na mara tatu nimelikata, basi tuanze bila hilo.

Barua hii sikuituma kwa posta. Imechapishwa katika kijitabu kilicho ndani ya jalada la Nusu Imeandikwa, chapa ya pili, na wewe utaisoma siku ileile watakayoisoma watu wengine wote watakaoinunua albamu yetu. Ulikuwa ukisema msikilizaji asifichwe kitu, apewe hata mlango unaogongwa na kikohozi cha mpiga selo, ile fidla kubwa ya kushikwa magotini. Nami nimeamua asifichwe kitu.

Nianze na Mau Narok, kwa sababu huko ulikuwa mtu ninayeweza kumkumbuka bila kukunja uso. Unaikumbuka baridi ya mwezi wa saba, tukitoka shambani kuvuna viazi na udongo umekauka kwenye kucha? Baba alikuwa ananawa kwenye karai, anafuta mikono kwa suruali, halafu anaitoa kodiani, kinanda chake cha mivukuto, kwenye sanduku lake taratibu, kama anayemtoa mtoto kitandani. Hakujua kusoma noti hata moja. Alijifunza kwenye arusi za majirani, kwa kukaa karibu na mpigaji na kuangalia vidole. Wewe ulikuwa kidato cha pili uliporudi nyumbani likizo na daftari la mistari mitano mitano. Ukaketi kwenye kigoda mbele yake jioni nzima, unamrudisha nyuma.

"Baba, hapo tena. Pole pole."

Jumapili, ibada ilipokwisha, ulimpigia wimbo wake mwenyewe kwenye kinanda cha kanisa. Alisimama ameshika kofia kifuani. Ulipomaliza alicheka mpaka akakohoa.

"Umeandika mpaka makosa yangu," akasema.

"Hayo ndiyo mazuri zaidi," ukamjibu. Wewe hukucheka.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani unamsifu.

Mimi mistari ile haikuniingia kichwani kamwe. Lakini nakupa haki yako: wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Ulinikalisha juu ya magunia ya viazi na kodiani ya Baba ikinifunika mpaka kidevuni, ukapiga sauti tatu nne kwa filimbi yako, ukasema, "Nijibu." Nilipokuigiza ulikataa. "Huko ni kurudia. Nijibu." Tulikaa hivyo mpaka Mama akatuita chakula. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa urahisi namna ile. Najua kwamba kila kitu ninachoweza kufanya na mivukuto ile, nusu yake ni Baba na nusu ni wewe. Ningefurahi kama ingekuwa vingine.

Ulipokuja na wazo la albamu, mimi nilikuwa na duka langu la mbegu na dawa za mifugo hapa Nakuru, na kodiani naipiga kwenye arusi na kanisani tu. Wewe ulikuwa umesoma muziki Nairobi, ukarudi kufundisha. Ulikuja dukani mchana, ukaweka karatasi kwenye kaunta kati ya pakiti za mbegu za kabeji. Mistari imejaa noti upande mmoja, halafu ghafla sanduku tupu limechorwa kwa rula, halafu noti zinaendelea.

"Hizi ni za klarineti, selo na ngoma. Nimewaandikia kila kitu," ukasema.

"Na hapa patupu?"

"Hapo ni pako. Hapo sitaki ujue unaenda kupiga nini mpaka ufike."

Nilifunga duka mapema siku hiyo. Sikumbuki kama nimewahi kulifunga mapema kwa sababu ya mtu mwingine.

Tulifanya mazoezi miezi mitano kwenye ukumbi wa shule uliyofundisha. Chelimo alipiga klarineti, na kulikuwa na mpiga selo na mpiga ngoma uliowatoa Nairobi. Barasa alikuja na mashine zake za kurekodi tangu siku ya kwanza, kwa sababu ulitaka hata mazoezi yahifadhiwe. Muziki ulikuwa mgumu na ulikuwa mzuri. Wimbo wa tatu ngoma zilitoa mlio wa mvuke wa visima vya Olkaria, na kila nilipofika kwenye sanduku langu tupu nilisikia kama nimesukumwa ndani ya mvuke wenyewe, sioni mbele. Nilitoka mahali ambapo sikujua nimefikaje. Chelimo aliniambia siku moja, "Njoki, ukianza, mimi nasahau kuhesabu."

Na ulinitukana pia. Tusijifanye kwamba hayo hayakuwepo. Nilipokosea mlango wa kurudi kwenye sehemu iliyoandikwa ulisimamisha watu wote. "Mumsubiri kidogo," ukawaambia, "huyu hasomi." Ulisema hivyo mara ngapi? Mpiga selo alikuwa anaangalia viatu vyake. Siku nyingine nilipiga vizuri, nikajua nimepiga vizuri, ukasema, "Hiyo ni ya arusi. Nataka kitu kinachokuuma." Nilienda nyumbani nikitafuta kitu kinachoniuma. Nilikuwa na mume mzuri, duka linakwenda, wazazi hai. Sikupata.

Halafu Baba akalazwa. Figo, wakasema, kisha maji kwenye mapafu. Mama akahamia Nakuru kwangu ili awe karibu na hospitali. Wiki ya pili daktari alisema Mzee anaendelea vizuri, na kweli siku hiyo aliomba uji, akaumaliza. Wewe ulikuwa umepata nyumba ya wageni kule Longonot, ile ya mawe yenye ukumbi mrefu na veranda inayotazama mlima, kwa siku tatu. Nilisema tuahirishe. Uliniambia mbele ya Mama, kando ya kitanda, "Njoki, watu wamejipanga. Ni siku tatu, na Longonot si mbali. Likitokea jambo tuko hapa chini ya saa mbili." Baba mwenyewe alinifukuza kwa mkono. "Nendeni," akasema. "Usiiache kwenye jua." Alimaanisha kodiani.

Asubuhi ya kwanza Barasa alituomba tuzime simu, zisiingilie mashine. Wewe ukapita na kikapu, ukazikusanya zote. "Yangu nitaiacha wazi kwa ajili ya Mama," ukaniambia, ukanishika bega. Nilikushukuru, Karanja. Nakumbuka vizuri kwamba nilikushukuru.

Wimbo wa sita tuliurekodi siku ya pili, kama saa nne asubuhi. Huo ulikuwa na sanduku tupu kubwa kuliko yote, na kabla sijaanza uliniambia, "Usitoke mpaka nikuite." Klarineti ikanyamaza, selo ikabaki na sauti moja tu nzito, nami nikaingia. Nilifumba macho. Sijui nilipiga dakika ngapi kabla sijafumbua, na nilipofumbua hukuwepo mbele yetu. Nikafumba tena, nikaendelea, kwa sababu hujaniita. Mara ya pili ulikuwa umerudi, mkono juu, machozi yanakutiririka mpaka kwenye ndevu. Sijawahi kukuona ukilia tangu tuzaliwe. Nilidhani nimekuliza mimi. Nikakupa zaidi. Nilikwenda mahali ambapo kodiani ya Baba haijawahi kwenda mikononi mwa mtu yeyote, na ulipouteremsha mkono hatimaye na Chelimo akaingia na noti zake, yeye pia alikuwa analia bila kujua kwa nini.

Barasa alitoa kichwa mlangoni akasema, "Hiyo haihitaji kurudiwa."

Tulikula. Ulikula pia, nilikuona, ugali na kabeji. Tukarekodi wa saba, tukarekodi wa nane. Saa kumi na nusu uliniita nje, karibu na tangi la maji.

"Mzee ametuacha," ukasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Mama amepiga."

Sikumbuki barabara. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeikumbatia kodiani mapajani kwenye gari lako na wewe ulikuwa unaendesha kwa mikono yote miwili. Tulipofika, Mama alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya wodi na shuka ya Baba imekunjwa magotini. Alikukumbatia wewe. Mimi aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nilidhani ni uchungu unaongea. Hata karatasi ya hospitali iliposema alifariki saa tisa kasoro, nilifikiri ni Mama aliyechelewa kupata nguvu za kupiga simu. Mtu aliyefiwa hatafuti mwizi ndani ya nyumba yake.

Kwenye mazishi kule Mau Narok, nilipoinuka kuchukua kodiani nimpigie Baba wimbo wake wa mwisho, Mama alisema mbele ya wazee na wachungaji, "Isipigwe hapa." Nikaketi. Nilisema moyoni, anatulaumu sote wawili kwa kumwacha peke yake na mgonjwa. Lakini wewe alikumiminia chai. Wewe alikushika mkono mkirudi kutoka kaburini. Nilipompelekea unga na sukari kule Mau Narok mwezi uliofuata alizipokea mlangoni, akasema asante kama mtu anayemshukuru kondakta, akafunga. Niliishi hivyo karibu mwaka mzima. Mama yangu mzazi alinitazama kama mgeni, nami nikaamua nimestahili, kwa sababu ni kweli nilikuwa Longonot.

Nawe ulikuwepo. Ulikuja mara nne kabla hujasafiri kwenda Ujerumani, ukaketi sebuleni kati yetu, ukaona jinsi anavyonipitishia sahani bila kuniangalia. Uliona yote hayo na ukaomba chumvi.

Albamu ikatoka. Huko Ujerumani wakaipenda, wakakuita ukaishi na kufanya kazi, na kila walipoandika waliandika wimbo wa sita. Ulinitumia maandishi hayo yakiwa yametafsiriwa. Walisifu kodiani, na walisifu pia sauti ya mwanamume inayosikika kwa mbali chini ya muziki, isiyoeleweka. Mmoja wao aliichukulia kuwa ni bonde lenyewe linazungumza. Nilicheka. Mimi sisikilizi rekodi zangu. Baba naye alikataa kusikiliza zake, alisema ni kama kula chakula ulichokitema. Nilijua tu kwamba Barasa alitega maikrofoni moja kwenye veranda ili ichukue ndege na upepo.

Kisha mtangazaji mmoja wa redio hapa Nakuru, mtu wa nyumbani kabisa, mwenye Kikuyu chake kizuri, akanialika. Kabla hatujaingia hewani alinivuta kando.

"Dada, nikuulize. Huyo anayeongea kwenye wimbo wa sita ni sehemu ya utunzi? Nimejaribu kumsikia vizuri. Ni kama anataja jina lako."

Sikumbuki nilisema nini hewani. Kutoka hapo nilienda moja kwa moja kwa Barasa. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma mlangoni pa studio yake.

"Ile maikrofoni ya veranda," nikamwambia. "Nataka kuisikia peke yake."

"Kuna nini?"

"Iweke tu."

Alinipa hedifoni, akanyamazisha kodiani, akanyamazisha selo, akabakisha veranda. Ndege. Upepo. Lori mbali barabarani. Mlango. Halafu wewe, karibu kiasi kwamba niligeuka kuangalia nyuma yangu. Nitayaandika maneno yako hapa kwa Kiswahili, kwa sababu muda huu wote Kikuyu ndicho kilichokuficha.

"Mama. Ndiyo. Anamwita Njoki? Sasa hivi?"

Kimya.

"Nimemwambia, Mama. Anasema amalize kwanza."

Kimya kirefu. Nilisikia unavyopumua.

"Hapana, usitume mtu. Tutakuja jioni. Weka simu kwenye sikio lake, asikie. Huyo ni Njoki anapiga."

Halafu kishindo kidogo cha simu kuwekwa juu ya mbao ya dirisha, na viatu vyako vikirudi ndani.

Barasa alinitazama. Yeye ni Mluhya, hakuwa ameelewa hata neno. "Mimi nilidhani anaongea na watu wa jikoni," akasema. "Njoki, anasema nini?" Nilipomwambia, aliweka hindi lake chini, akalifunika kwa gazeti, kama kitu ambacho ni aibu kukila tena.

Nilikupigia palepale. Ulikuwa unatembea, nilisikia kengele ya tramu. Nilitarajia utakana. Ningekupa nafasi ya kukana, unajua? Nilikuwa tayari kudanganywa.

"Ungeacha kupiga," ukasema. "Mtu yeyote angeacha. Ungetoka mbio, tungefika, ungekaa naye saa tatu, na angekufa tu, Njoki. Angekufa tu, na kile kitu kisingekuwepo."

"Uliniwekea maneno mdomoni."

"Ningemwambia nini Mama? Kwamba nimekataa mimi?"

"Ndiyo. Hivyo ndivyo ungemwambia."

"Alikusikia," ukasema. "Niliiweka simu dirishani. Alikufa akiwa amekusikia ukipiga. Hujui watu wangapi wangetamani hilo."

Nikakuuliza swali la mwisho. Nilikuuliza kama ulijua, wakati unaipitisha rekodi, kwamba sauti yako imo ndani.

"Nilijua," ukasema. "Nilifikiria kuitoa. Lakini ilikuwa imekaa vizuri pale."

Nilikata simu. Mpaka leo sijapata neno la kukuita. Nimejaribu mengi, ya Kiswahili na ya nyumbani, na yote yanakupunguzia ubaya.

Siku ya pili yake nilikwenda Mau Narok. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachambua viazi vya mbegu, vikubwa kando, vidogo kando. Sikumsalimia hata vizuri. Nilipiga magoti kwenye udongo, nikamwekea hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa, nikabonyeza simu, ambamo Barasa alikuwa ameninakilia sauti ile. Nilimwangalia usoni mpaka mwisho. Hilo nalo nalikiri, Karanja: nilikuwa nimebeba ushahidi, nami nilitaka kuona unavyomwingia. Sikufikiri kwamba ninachomwekea masikioni mwanamke wa miaka sabini ni saa ya kufa ya mumewe.

Alizitoa hedifoni mwenyewe, akanirudishia kwa mikono miwili. Kiazi alichokuwa ameshika alikiangalia sana, kana kwamba amesahau kinakwenda upande gani.

"Kumbe hukuambiwa," akasema.

"Sikuambiwa, Mama."

"Na mimi nimekufungia mlango."

Alijaribu kuinuka akashindwa, nikamshika. Tulikaa pale chini kwenye viazi. Alilia kwa sauti ambayo hakuilia mazishini, na jirani akaja mbio akidhani kuna msiba mwingine. Nilipomuuliza kama Baba alisikia kodiani siku ile, alisema, "Alisikia kidogo," akageuza uso, nami sikumlazimisha.

Wiki hiyo ulimpigia simu. Nilikuwa naye jikoni. Aliiangalia simu ikiita mpaka ikanyamaza. "Akipiga kwako," akaniambia, "mwambie nina kazi." Nilikuambia hivyo kwa furaha kubwa.

Lakini yeye ni mama. Baada ya Pasaka alianza kuuliza, mwanzo kwa kuzunguka. Huko aliko kuna baridi? Ni nani anampikia? Kisha waziwazi: "Karanja hajapiga?" Nikamwambia hujapiga. Ulikuwa umepiga mara mbili wiki ile. Picha za arusi yako ulizonitumia nimwonyeshe, hajaziona. Mkeo ana uso mzuri. Mama hajui kama una mke.

Nadhani sasa unaelewa kwamba nilijifunza kwako zaidi ya kusikiliza.

Watu wako wa huko Ujerumani walipotaka chapa ya pili, walihitaji sahihi zetu sote wawili na rekodi iliyosafishwa upya na Barasa. Uliweka sahihi bila kuisikiliza, kwa sababu Barasa hajawahi kukuharibia kitu. Hakukuharibia hata safari hii. Alifanya nilichomwomba: aliiinua sauti ya maikrofoni ya veranda. Kodiani yangu iko palepale ilipokuwa, sikuondoa wala kuongeza hata sauti moja, lakini sasa wewe uko mbele yake, wazi, kila pumzi. Tafsiri nimeichapisha ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani, ili mkeo na wakwe zako na wanafunzi wako wasibaki wakidhani ni bonde.

Nimeusikiliza wimbo wa sita wote kwa mara ya kwanza mwezi uliopita, kwa sababu ya kazi hii. Sitakudanganya. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Nilitaka kiwe kibaya. Nilikaa pale kwa Barasa nikitafuta mahali nilipokosea, pa arusi, pa kujionyesha, sikupata. Na nilijua pia kwamba sitapiga vile tena, kwa maana tangu siku ile kila nikifumba macho nafumbua baada ya muda mfupi kuangalia nani ametoka chumbani. Hicho nacho umekichukua. Kodiani iko juu ya kabati. Wateja wa arusi nawaelekeza kwa wengine.

Na kuna jambo lililonitisha kuliko hayo. Barasa alipomaliza kuipandisha sauti yako, nilifikiria utakavyoisikia kwa mara ya kwanza, na nikaona wazi kabisa uso wako: utainamisha kichwa upande, utarudia mara mbili, na utasema imekaa vizuri pale. Nitakuwa nimekusaidia tu kumaliza kazi yako.

Kwa hiyo nakupa kitu ambacho hakimo kwenye rekodi yoyote.

Jumapili iliyopita Mama alinieleza yaliyobaki. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumeketi kwenye ukuta wa makaburi. Alisema kwamba ulipomwambia aweke simu sikioni mwa Baba, aliiweka. Baba alisikiliza. Macho yake yalikuwa wazi na akili yake ilikuwa timamu kabisa. Akasema, "Hiyo ni kodiani. Mimi nilimwita Njoki."

Mama akaichukua simu akuambie. Wewe ulikuwa umeshaiacha dirishani, umeingia ndani kuniongoza. Aliita, "Karanja, Karanja," mpaka muuguzi akaja kumwomba apunguze sauti, na kilichomjibu ni mimi napiga. Baba akamuuliza, "Amesemaje?" Mama hakuwa na kitu kingine cha kumpa ila kile ulichompa wewe. Akamwambia, "Anasema amalize kwanza."

Baba aligeuza uso akaangalia ukuta.

"Basi mwacheni amalize," akasema. Saa zote zilizobaki hakusema neno jingine kwa mtu yeyote.

Mama alinishika mkono pale ukutani, akaniomba kwa jina la Mungu nisikuandikie haya. Alisema wewe unaishi kwa kuamini kwamba Baba alikufa akiwa ameliwazwa na muziki wako, na mtu akinyang'anywa hilo akiwa ugenini anaweza kujidhuru. Alisema yeye amekusamehe. Nilimwambia nimesikia.

Salimia mkeo.

Ni mimi, dada yako mdogo.